Sura ya Tano: Kamera Iliyozimia Kabla ya Chai

Koplo alipofika studio, saa nne kasorobo asubuhi, alimkuta marehemu amelazwa juu ya meza ya kukatia picha, kafunikwa kitambaa cheusi cha kupangusia lenzi. Wafiwa walikuwa watatu, kila mmoja kakaa pembe yake, kama watu waliogombania mkeka mpaka mkeka wenyewe ukakimbia.

Alifunua kitambaa. Kamera. Nyeusi, nzito, imechubuka mahali kidole gumba kinapokaa. Ndiyo iliyoilisha nyumba ile miaka sita. Kioo chake cha nyuma kilikuwa cheusi tititi. Kitaa kidogo chekundu kando ya mlango wa kadi kilikuwa kikipepesa, kama jicho la mtu anayejifanya amelala.

"Imekufa saa ngapi?"

"Kabla ya chai," alisema Mama Studio. "Na muuaji ameshapanga begi. Umechelewa, wifi, kama kawaida ya polisi."

"Mimi si polisi tena, wifi. Nimestaafu. Siku hizi nachelewa kwa hiari yangu."

Alistaafu upelelezi akiwa sajini, lakini jina la Koplo lilikuwa limeshamganda toka ujana, kama bei iliyobandikwa chini ya sahani. Mwenye studio alikuwa kaka yake wa kuzaliwa. Watu walimwita Tabasamu, kwa sababu miaka thelathini na miwili amekuwa akiwaamuru wengine watabasamu huku yeye kakunja uso nyuma ya kamera. Mama Studio ndiye mkewe. Na yule aliyekaa karibu na mlango, amevaa nguo za safari, begi la buluu miguuni, alikuwa mke wa mtoto wao. Ameolewa mwaka wa pili huu, na bado nyumba nzima inamwita Bi Harusi.

"Unakwenda wapi?" Koplo alimuuliza.

"Kwetu, shangazi. Basi la saa tisa. Tiketi ninayo." Macho yake yalikuwa makavu, na Koplo hakupenda ukavu ule. Macho yakilia, mtu atarudi. "Sikai nyumba ninayoitwa mharibifu."

"Mumeo anajua?"

"Yuko safarini mpaka mwisho wa mwezi. Akirudi atanikuta kwetu, au hatanikuta."

Tabasamu alikuwa anaangalia viatu vyake kama vya mtu mwingine.

Koplo alivuta kiti, akatoa daftari. Saa nne hadi saa tisa. Aliwahi kupewa muda mfupi zaidi kwa mwizi wa ng'ombe, na ng'ombe alipatikana.

"Nani alimwona marehemu mwisho akiwa hai?"

"Mimi," alisema Bi Harusi. "Jana jioni. Nilitaka kuifanyia apdeti."

"Sema tena, taratibu. Mimi nimeishia darasa la saba."

Bi Harusi akaeleza. Kamera hizi zina programu ndani yake, ndiyo akili yake. Waliozitengeneza hutoa akili mpya mara kwa mara. Yeye aliichukua kwenye mtandao wa watengenezaji wenyewe, ya kamera ile ile na si ya ndugu yake wanaofanana sura. Akasafisha kadi ndani ya kamera mpaka ikawa tupu. Akaliweka faili juu kabisa kwenye kadi, lisijifiche ndani ya folda. Kadi akaiacha kwenye mdomo wa kompyuta. Betri akaiweka kwenye chaja saa moja jioni, ijae. Kazi yenyewe alipanga kuifanya leo baada ya chai, watu wakiwa wametulia, bila mtu wa kupitapita.

"Na leo?"

"Nimeingia saa mbili. Kamera ilikuwa hapo mezani. Nikachukua betri kwenye chaja, nikatia, nikawasha. Kimya. Nikaona tu hicho kitaa."

"Nilimkuta ameishika!" Mama Studio alirukia. "Mikononi! Kwa macho yangu!"

"Wifi, mtu akikutwa na maiti mikononi, huenda ni mwoshaji. Subiri zamu yako."

"Umeme ulikatika usiku," alisema Mama Studio, safari hii kwa sauti ya mtu anayetoa mchango. "Labda ndio uliovuruga betri huko kwenye chaja. Na betri aliiacha nani? Yeye huyo huyo."

Koplo alinyanyuka akaenda kwenye mashine ya kuchapia picha. Saa yake ya namba za kijani ilisema saa nne na dakika tano, sawasawa na ya mkononi mwake.

"Umeme ukikatika, hii inasemaje?"

"Inarudi sifuri," alijibu Tabasamu bila kuinua kichwa. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Basi umeme haukukatika. Ulikatika usingizi wako, wifi." Akamgeukia Bi Harusi. "Ulipochukua betri kwenye chaja, taa ya chaja ilikuwa rangi gani?"

"Ya machungwa."

"Betri hii hujaa kwa muda gani?"

"Saa tatu. Ikiwa imekwisha kabisa, saa nne. Halafu taa inageuka..." Aligeuka kuitazama chaja. "Inageuka kijani."

"Umeichaji toka jana saa moja. Saa kumi na tatu. Na taa bado ya machungwa."

"Na ilikuwa na joto, shangazi. Sasa nakumbuka. Ilikuwa na joto mkononi."

Koplo aliandika, akapiga mstari chini yake. Betri haiamki alfajiri ikatembea, ikachoka, ikarudi kitandani. Kuna aliyeichukua ikiwa imeshiba, akaitumia, akairudisha.

"Swali la mwisho. Kadi uliyoiacha kwenye kompyuta, asubuhi ilikuwa wapi?"

Bi Harusi alifungua kimlango cha kamera kwa ukucha. Kadi ilikuwa imekaa humo ndani, imetulia kama mke wa kwanza.

Zamu ya Mama Studio haikuhitaji maswali. Ukishamfungulia bomba, kazi yako ni kukinga ndoo.

"Mimi nimeamka saa kumi na mbili. Nimefagia. Nimechemsha maji. Nimekuja huku, nimefungua madirisha, nimepangusa meza, nimekunja pazia la mandhari lile la maua, nimeokota pini zake za kubania, maana humu hakuna anayejua kuokota pini. Kamera sikuigusa. Niape?"

"Usiape. Huko juu wana kazi nyingi."

"Sikuigusa, wifi."

"Nimeandika. Kaka, wewe?"

"Mimi nilikuwa nafungua mlango wa mbele," alisema Tabasamu. "Ule wa chuma. Umekwama toka juzi, nimeupiga nyundo."

"Saa ngapi?"

"Saa moja kasoro."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa mtu aliyelala."

Koplo aliandika hilo pia. Halafu alizunguka chumba taratibu, mikono nyuma, kama anayenunua nyumba. Pembeni ya kompyuta palikuwa na alama nne za gundi ukutani, mahali paliponing'inizwa karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa jua la asubuhi, imekandamizwa na kioo cha kukuzia, cha kuangalizia filamu za zamani.

"Hii ni nini?"

"Hatua zangu," alisema Bi Harusi. "Niliziandika nisisahau. Nilizibandika hapo ukutani."

Koplo aliisoma. Betri ijae. Kadi isafishwe. Angalia namba ya programu ya zamani, iandike. Washa, ingia kwenye menyu, kubali. USIGUSE KITU. USIZIME. USIFUNGUE MLANGO WA BETRI. Ikimaliza itajiwasha yenyewe. Angalia namba mpya.

Aliikunja akaiweka mfukoni. Akamfunika marehemu kwa kitambaa chake, akambeba kifuani.

"Unaipeleka wapi?" aliuliza Mama Studio.

"Hospitali."

"Kwa yule fundi? Wifi, yule mwaka jana alitaka kuinunua! Mchunguze yeye kwanza!"

"Alilala humu ndani?"

"Alale humu kwani mimi nimekufa?"

"Basi hana nafasi ya kuwa mshukiwa."

Fundi wa kamera alikuwa na kibanda milango mitatu kutoka hapo, meza yake imejaa vitu vilivyopasuliwa matumbo. Alimkaribisha Koplo kwa kumpa kiti chake mwenyewe, maana hakuwa na kingine.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Mtazame huyu. Wanasema amekufa."

Fundi aliitazama kamera bila kuigusa, akahesabu mipepeso ya kile kitaa kwa midomo. Halafu akacheka.

"Hajafa huyu. Amekatizwa."

"Kivipi?"

"Mama, kamera ikibadilishiwa programu ni kama mtu anayebadili nguo. Amevua ya zamani, hajavaa mpya. Ukimkatia umeme hapo hapo, anabaki uchi. Utamwita, hatatoka. Ana aibu."

"Uchi kabisa?"

"Kama alivyozaliwa. Lakini kitaa hiki kinasema bado anatafuta nguo zake. Nyingine zikikatizwa hazipumui tena, unazika. Hii bahati yake nzuri."

"Nani alimkatia umeme?"

"Betri ilitolewa. Siyo kwamba iliishiwa, maana ikipungua yeye mwenyewe hukataa kuanza, husema nenda kanichaji. Hapa alianza vizuri. Kisha mtu akafungua mlango wa chini akatoa betri."

"Kazi yote huchukua muda gani?"

"Dakika saba, nane. Kioo kinaonyesha mstari mweupe unatembea kama konokono. Wengi hapo ndipo wanapoharibu. Wanaona umeganda, wanabonyeza."

"Nguo anaweza kuvalishwa tena?"

"Kadi ni ile ile, faili ni lile lile. Ila betri ijae mpaka taa iwe kijani, siyo hii iliyoliwa nusu. Ukianza nayo hii ikakata tena, mimi usiniletee."

Koplo alitazama saa. Saa tano kasoro dakika ishirini. Ukiitia kwenye chaja sasa, itajaa saa nane, au nane na nusu. Na basi ni saa tisa.

"Fundi, una kamera yoyote nzima ambayo ukiipoteza hutalia?"

Fundi alifungua droo akampa kakamera ka fedha, kakongwe, pamoja na chaja yake. "Haka hata mwizi aliniachia mara mbili."

Aliporudi, betri iliwekwa kwenye chaja, na Koplo akaamuru kwa sauti yake ya kazini kwamba atakayeisogelea atafungwa pingu. Pingu hakuwa nazo. Mama Studio alimsindikiza kwa jicho, kisha akaenda ndani kuzimalizia hasira sufuria zake.

Koplo alikaa na Bi Harusi mbele ya kompyuta.

"Nimeelewa ulivyotaka kuifanya. Sijaelewa kwa nini. Kamera ilikuwa inafanya kazi."

"Programu mpya ina jambo, shangazi. Inatafuta macho ya mtu yenyewe. Inayashika, picha inatoka kali pale pale kwenye macho."

"Na kaka yangu hawezi kutafuta macho? Ndiyo kazi yake toka wewe hujazaliwa."

Bi Harusi alikuna ukingo wa meza.

"Nilipomwambia kuhusu hilo jambo, baba alicheka. Alisema, miaka thelathini nayatafuta macho ya watu, leo kamera inifundishe?"

"Sikukuuliza alisemaje."

Bi Harusi alishika kipanya, akafungua folda ndani ya folda ndani ya folda. Jina lake lilikuwa *Masikio*.

Koplo alivaa miwani. Wanafunzi, wachumba, bibi mmoja na kofia yake. Katika kila picha, uso ulikuwa kama umepitiwa na mvuke, na sikio limetoka kali, unywele kwa unywele. Mtoto mmoja uso wake ulikuwa ukungu mtupu, lakini hereni yake ungeweza kuisoma alama ya sonara.

"Picha ngapi?"

"Mia nne na kitu."

"Toka lini?"

"Miezi saba. Baba hupiga tano tano, siku hizi. Natafuta iliyotoka, natengeneza kidogo, mteja anafurahi. Nyingine nazileta huku."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani, shangazi? Nikimwambia mama, atalia. Nikimwambia baba kwamba najua, ataweka kamera chini asiishike tena."

"Kwa hiyo unapanda basi, umeitwa mharibifu, na mdomo umeufunga."

"Nikiufungua ndiyo nitakuwa mharibifu kweli."

Koplo alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Kisha alichukua kalamu, akaandika kwenye karatasi mpya mistari mitatu, na kutoka nje kwenda kumtafuta kaka yake.

Alimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyuma, nyundo magotini.

"Kaka, hii ni taarifa yako ya asubuhi. Nimeiandika kama ulivyosema. Isome, utie sahihi."

Tabasamu aliichukua. Aliisogeza mbali, akaileta karibu, akaisogeza tena, kama anayepiga tarumbeta. Kichwa kilitikisika kwa heshima.

"Sawa kabisa. Umeandika vizuri. Kalamu."

Alitia sahihi. Koplo alichukua karatasi akaisoma kwa sauti ya chini.

"Mimi mwenye studio nakiri kwa hiari yangu kwamba ni jogoo wa miaka sitini na mitatu. Hutaga mayai kila Jumanne. Mdogo wangu ni mzuri kuliko mke wangu na amri yake ifuatwe."

Nyundo ilidondoka kwenye ngazi.

"Umenichezea, mdogo wangu."

"Nimekuchezea toka nina meno ya maziwa. Toka lini huoni, kaka?"

Alitazama ukuta wa jirani.

"Vya mbali naona. Vya karibu vinaogelea. Ile alama ndani ya kamera inayosema picha imeshika, siioni. Nabahatisha. Nilidhani nabahatisha vizuri."

"Ukaamka alfajiri."

"Nikaamka. Nikachukua kadi, nikachukua betri, nikaiwasha, ikawaka karibu saa nzima huku naisoma ile karatasi yake dirishani kwa kioo cha kukuzia. Mpaka kwenye kukubali. Mstari ukaanza kutembea. Nikaona unachelewa, nikaenda kuupiga mlango nyundo. Nimerudi, kamera imezimika, nikajua imemaliza. Nikafurahi, mdogo wangu! Nikajiambia, leo nitapiga macho ya watu kama zamani. Sikuangalia hata betri."

"Halafu mtoto wa watu akapigiwa kelele, ukaangalia viatu."

"Aibu ilinishika ulimi." Aligeuza kichwa. "Usimwambie mke wangu."

"Sitamwambia. Utamwambia wewe." Koplo aliokota nyundo akampa. "Hukuiua wewe, kaka. Wewe ulimfungulia tu mlango muuaji. Twende ndani."

Saa nane na robo wote wanne walikuwa studio. Taa ya chaja kubwa bado ilikuwa ya machungwa. Koplo alikuwa ameweka kakamera ka fundi katikati ya meza, kamewashwa, kioo chake kinang'aa peke yake. Chaja yake aliichomeka kando. Hakueleza kitu.

"Wifi," alisema, "nirudie habari ya asubuhi, kutoka mwanzo. Na usiniruke neno."

"Nimeshasema mara tatu! Huandiki, wewe?" Lakini Mama Studio alikuwa ameshasimama, maana hakuwahi kusimulia jambo akiwa amekaa. "Nimeamka saa kumi na mbili. Nimefagia. Nimechemsha maji, nikaja huku, nikafungua hili dirisha hivi." Alilifungua. "Nikapangusa hii meza hivi." Aliipangusa kwa ncha ya khanga. Mkono wake wa kushoto ulifika kwenye kakamera, ukakageuza, kidole kikasukuma kimlango cha chini, betri ikadondokea kiganjani, akaisugua kwenye khanga, akaibandika kwenye chaja, akaendelea. "Nikakunja lile pazia la maua, nikaokota pini, pini sita, na humu ndani hakuna anayejua..."

Alisita. Watu watatu walikuwa wanamtazama.

"Mnaniangalia nini? Nina masizi usoni?"

"Wifi, kwenye chaja ile ndogo kuna nini?"

"Betri."

"Imewekwa na nani?"

Mama Studio aliitazama chaja. Akautazama mkono wake wa kushoto, mbele na nyuma, kama umerudi nyumbani na mume wa mtu.

"Lakini hiyo si kugusa kamera," alisema. "Hiyo ni... Kamera haiachwi ikiwaka! Betri inachoka! Miaka thelathini na miwili huyu mwanamume anaziacha zinawaka, na mimi nazima. Mimi ndiye ninayezima."

"Na leo alfajiri ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka." Sauti ilikuwa imeshuka mpaka magotini. "Kioo cheupe, na mstari."

"Mstari ulikuwa unatembea?"

"Sikungoja kuona kama unatembea, wifi. Nilitoa betri."

"Aliyeianzisha ni mimi," alisema Tabasamu. "Sio mtoto. Nilitaka kuwahi."

Mama Studio hakumgeukia hata mume wake. Alimtazama Bi Harusi, na kwa mara ya kwanza toka Koplo amjue, likatoka neno dogo.

"Mwanangu, mimi..."

Chaja ilibadilika rangi. Kijani.

"Betri imejaa, mama," alisema Bi Harusi. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu mwenye safari. "Kazi niliyoianza naimaliza. Naimaliza, halafu naondoka."

Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na tano.

Koplo alifunga mlango wa mbele na kumweka Tabasamu mbele yake. Mteja mmoja aligonga.

"Tumefunga!" Koplo alipaza sauti. "Kuna mgonjwa anafanyiwa upasuaji!"

"Poleni jamani!" mteja alijibu, akaenda zake.

"Wifi, kaa. Na mikono uikalie."

"Niikalie?"

"Uikalie. Ule wa kushoto hasa."

Mama Studio aliikalia. Bi Harusi alitia betri, akafunga kimlango mpaka kikabana. Aliwasha. Kitaa chekundu kilipepesa mara moja, mbili, kikatulia. Kioo kikawa cheupe, na mstari ukaonekana, mwembamba kama uzi, ukaanza kwenda.

Nusu ya njia mstari uliganda. Ulikaa hapo muda ambao ungetosha kumenya chungwa. Mama Studio alianza kuyumba kwenye kiti kama mtu mwenye siafu.

"Umesimama," alinong'ona.

"Kaa."

"Nimekaa! Nasema tu umesimama."

Ukasogea. Ukafika mwisho. Halafu kioo kizima kikazimika, kikawa cheusi, na Mama Studio akanyanyuka mikono mbele.

"Kaa!" walisema wote watatu kwa pamoja.

Alikaa. Kamera ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia, na kioo kikawaka. Mle ndani mlionekana meza, pini sita na ncha ya khanga.

Bi Harusi alivuta pumzi. Aliingia kwenye menyu, akabonyeza mara nne, kisha akamkabidhi Tabasamu kamera kwa mikono miwili.

"Baba, bado hatua moja. Namba ya zamani ilikuwa moja nukta mbili. Sasa hapo iseme mbili nukta sifuri. Wewe hakikisha, mimi niwahi basi." Alishika begi.

Saa tisa kasoro robo.

Tabasamu aliisogeza kamera mbali, akaileta karibu. Alijua jibu, ameshaambiwa. Angesema *ndiyo, mwanangu, mbili nukta sifuri*, ingetosha, kama alivyosema ndiyo kwa miezi saba. Koplo alimtazama na hakumsaidia.

"Sioni," alisema Tabasamu.

Mama Studio aligeuka. "Huoni nini?"

"Namba. Maandishi. Macho ya watu kwenye picha. Ndiyo sababu nimeichukua alfajiri kama mwizi, mke wangu, badala ya kumngojea mwenye kujua." Aliishika kamera mbele yake, hana mahali pa kuiweka. "Miezi saba naharibu picha, na huyu anazificha, nami nikidhani hajui. Leo amebeba na hili. Mwanangu, nisomee. Na kesho unisomee. Siwezi peke yangu."

"Na mimi, unaniona?" Mama Studio aliuliza.

"Wewe nakusikia."

Mama Studio alimpiga kofi la bega, na machozi yakamtoka hapo hapo, mengi, ya kelele. Alipenga kwa khanga. Kisha alikwenda mlangoni akashika mshipi wa begi la buluu, upande wa pili, kwa ule mkono wake wa kushoto, na Bi Harusi hakuachia upande wake.

"Tiketi iko wapi?"

"Mfuko wa pembeni."

Mama Studio aliitoa. "Nitakwenda mimi stendi. Wakiniuliza kwa nini msafiri hasafiri, nitawaambia mama mkwe wake alimtukana bure, na sasa anaomba asubiriwe mpaka arudi amtake radhi vizuri, akiwa amekaa chini."

"Watakucheka, mama."

"Wacheke. Nimezoea, nina wifi."

Mshipi ulibaki katikati yao kidogo. Halafu Bi Harusi aliuachia. Alimsogelea Tabasamu, akainama juu ya kioo, bega kwa bega naye.

"Mbili nukta sifuri, baba," alisoma. "Imekubali."